Boriti Tisa za Nyumba ya Tajiri

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Hilo nilikuwa nalisema mbele za watu, kilabuni, kazini, hata nje ya kanisa baada ya ibada, na nilikuwa na haki ya kulisema. Nilitoka Igowole na suruali moja na darasa la tatu ambalo sikulimaliza. Nilipasua kokoto Ruaha Mbuyuni wakati barabara kuu inajengwa, nikalala chini ya turubai na watu wa kila kabila. Niliona tingatinga limepinduka na dereva akatoka chini yake anatafuta kofia. Niliona mvua ikibeba kalavati tulilomimina jana yake. Niliona mtu aliyesoma mpaka Ulaya ameshika ramani ya jengo kichwa chini, na mimi, wa darasa la tatu, ndiye niliyemgeuzia. Kufika katikati ya miaka ya sabini nilikuwa na lori langu mwenyewe, mafundi kumi na wanane, nyumba Mbeya yenye bati linalong'aa mpaka watu wanafunika macho, na kazi katika miji miwili. Saini yangu nilijifundisha mwenyewe, ina mikia mitatu. Sasa nani angenishangaza?

Basi ikaja kazi ya nyumba ya tajiri.

Nyumba hiyo ilikuwa Iringa mjini, mtaa wa nyuma ya soko, ya ghorofa. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa siku nyingi. Alikuwa mtu wa asili ya pwani aliyepanda huku zamani za Mjerumani, akawa ananunua samli na ngozi kwa wafugaji wa Usangu, na nta kwa warina asali, anateremsha pwani, anapandisha nguo na chumvi. Alipopata alijenga kama walivyojenga kwao: kuta nene za mawe na udongo, mlango wa kuchongwa, ukumbi mrefu mwembamba chini, na chumba cha kipimo hicho hicho juu yake. Katikati ya chini na juu, boriti. Zilikuwa tisa, za mkoko, nyeusi, nzito kama chuma, zimepandishwa kutoka pwani kwa lori, wiki nzima njiani. Hayo aliniambia binti yake, na binti yake huyo sikumkamata akidanganya hata siku moja.

Huyo binti alikuwa bibi wa miaka sabini na ushee, ndiye peke yake aliyebaki, anakaa vyumba viwili vya uani. Mji mzima ulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa amekubali nyumba ya baba yake iwe makumbusho madogo, watoto wa shule waje waone mizani ya kupimia nta, makasha ya safari, birika la kahawa la shaba, kitanda cha tajiri chenye miguu ya kuchonga. Aliyesimamia shughuli upande wa serikali alikuwa afisa utamaduni, bwana mwembamba, mpole, mwenye fomu nyingi. Mimi niliitwa kukarabati.

Siku ya kwanza tulikaa watatu ukumbini, na Bi Mkubwa akatoa sharti lake.

"Siku ya kufungua," alisema, "pasomwe maulidi humu ndani, kama alivyokuwa akisomesha baba yangu kila mwaka. Wanaume chini, wanawake juu. Mkishamaliza hilo, tieni vioo vyenu na vibao vyenu, mimi sina neno."

Afisa akaandika. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilisikia, lakini nilisikia kwa masikio tu. Mimi ni mtu wa Mufindi na ni Mkristo. Kwetu pakiwa na sherehe wanawake wako uani na masufuria yao, wanacheza huko huko. Nilidhani "juu" maana yake ni yeye Bi Mkubwa na mashoga zake wawili watatu, na kahawa. Sikuuliza. Mtu asiyeshangazwa na kitu haulizi.

Nikapanda ngazi ya kazi na nyundo, nikagonga boriti moja moja. Tatu zililia mvungu. Mchwa. Sita zilirudisha nyundo mpaka kiwiko kikauma. Zilikuwa boriti ambazo zingewazika wajukuu zangu.

Sasa, katika kazi yetu kuna desturi, ipo mpaka leo: kinachobomolewa ni cha fundi. Mlango uliooza, bati lenye kutu, misumari iliyopinda, fundi anachukua, hakuna anayeuliza. Na mimi wakati huo nilikuwa najenga baraza Mbeya, mbele ya nyumba yangu, baraza ambalo mtu akipita barabarani aseme hapa anakaa nani. Nikashuka kwenye ngazi, nikamwambia afisa utamaduni: "Zote tisa zimekwisha."

Akaandika tisa.

Za kuziba nafasi nilizikata shambani kwangu Igowole, mikaratusi niliyoipanda kwa mikono yangu, imenyooka kama risasi. Ilikuwa Machi, mvua inanyesha. Seremala wangu mkuu, Mbena wa Njombe, mtu wa maneno machache, alipoishika ya kwanza alifuta kiganja kwenye suruali.

"Mzee, mti huu unatoa maji."

"Wewe huogi?"

"Naoga. Ila sijabeba nyumba."

"Upepo wa Iringa utaukausha humo humo ukutani."

"Ndicho ninachoogopa, mzee."

Nikamwambia kama anaogopa akafuge kuku. Mafundi wakacheka, na yeye akacheka kidogo, akachukua randa. Tukaimenya, tukaipaka oili chafu ya lori ipate weusi wa zile za zamani. Na nikafanya jambo la pili, ambalo seremala aliliona akanyamaza. Boriti za tajiri zilikuwa zimeingia ukutani kiasi cha mkono, kuanzia ncha za vidole mpaka kiwiko. Kuzichimbia zangu namna hiyo kungebomoa lipu ya nje, na lipu ya nje ilikuwa imekwisha pakwa rangi. Nikaziingiza vidole vinne tu. Nikajisemea, makumbusho si godauni. Watu watatu wanapanda, wanatazama kitanda, wanashuka.

Siku tunapakia zile sita nzuri kwenye lori, Bi Mkubwa alikuwa amekaa uani anachambua mchele.

"Fundi, na hizo sita zinaumwa?"

"Zimekwisha, Bi Mkubwa."

"Mbona moja inabebwa na wanaume wanne?"

"Uchafu wa miaka mingi, una uzito."

"Eee," akasema, na akarudi kwenye ungo wake. "Mzito kweli uchafu wa baba yangu."

Nikapiga bodi la lori, dereva akaondoka.

Baraza likasimama Mbeya mwezi wa tano. Nakwambia, lilikuwa baraza. Mke wangu, mtu wa kwao Tukuyu ambako wanajua nyumba, alihamisha kazi zake zote pale: kuchambua maharage, kusuka, kupokea wageni. Mimi jioni nakaa chini ya boriti zile nyeusi, natazama watu wakitazama. Nilijiona nimekuwa tajiri wa pili.

Na huku Iringa upepo ukawa unafanya kazi yake. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane; anayeujua upepo wa Iringa miezi hiyo anajua. Unapasua midomo. Mimi nilikuwa Mbeya na kazi nyingine, sikuenda hata mara moja.

Nilikwenda Ijumaa, ufunguzi ukiwa kesho yake. Nilikuja na mke wangu, aje asikie jina langu likitajwa. Tairi likapasuka tukiwa tunaingia Ipogolo. Nikaliacha lori pale chini na dereva, sisi tukapanda mjini kwa gari la watu. Mke wangu akabaki nyumba ya wageni kupiga pasi, mimi nikaenda peke yangu kutazama kazi yangu.

Ukumbi ulikuwa umependeza. Mizani imesuguliwa, makasha yamepangwa ukutani, mikeka mipya imeviringishwa pembeni. Nikatazama juu.

Zilikuwa zimepinda. Si moja, zote tisa, kila moja upande wake, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Kwenye vichwa, pale zinapoingia ukutani, chokaa ilikuwa imemeguka. Nikavuta kasha moja, nikapanda juu yake, nikapeleka mkono kwenye boriti ya tatu kutoka mlangoni. Mti ulikuwa umejinyonga kama nguo inayokamuliwa, na kwa kujinyonga ulikuwa umejivuta. Nikapima kwa vidole kilichobaki kimeshika ukuta.

Viwili.

Na kichwa chenyewe kilikuwa na ufa ambao sarafu ingesimama ndani yake.

Seremala alikuwa Njombe kwenye msiba. Miti ya kutegemeza ilikuwa kwenye lori, na lori lilikuwa Ipogolo na tairi chini. Saa moja nyingine na jua linazama. Mtu mwenye akili angemfuata Bi Mkubwa uani, hatua kumi tu, akamwambia. Mimi niliomba ndoo, nikakoroga chokaa na saruji kidogo iliyobaki stoo, nikaziba kila kichwa cha boriti, nikalainisha kwa kiganja, nikapaka. Ukitazama kutoka chini, ni kazi safi. Nikajiambia Jumatatu nitarudi, nitasema ni ukaguzi wa kawaida, nitaweka sawa, hakuna atakayejua. Halafu nikaenda nikala, nikalala. Sitadanganya hapa: nililala vizuri.

Jumamosi baada ya alasiri nilisimama mlangoni nimevaa suti yangu mpya ya mikono mifupi, napeana mikono na watu. Mgeni rasmi alikuwa amefika, wasomaji wamefika na kitabu chao, ubani unafuka. Bi Mkubwa akatoka uani amevaa buibui jipya. Akamtazama mke wangu kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Huyu ndiye mke wa fundi?"

"Ndiye, Bi Mkubwa."

"Mzuri. Leo si wako, ni wangu." Akamshika mkono. "Twende juu, mwanangu."

Mke wangu alinigeukia kidogo, kama anaomba ruhusa, nami nikamwashiria aende. Wakapanda. Nyuma yao wakapanda wengine watatu. Halafu wengine sita. Halafu uchochoro mzima ukajaa kanga na mabuibui, wanawake wa mtaa huo na wa mitaa ya mbali, na watoto mgongoni, na sinia, na mito ya kukalia, wanataniana, wanasukumana, wanapanda. Nilianza kuhesabu kwa sababu mkandarasi anahesabu. Kumi na tano. Ishirini na saba. Thelathini na nne. Nikapotea hesabu alipopita mama mmoja mnene sana, akifuatwa na mwenzake wa kipimo hicho hicho.

Nikamvuta afisa utamaduni. "Wanakwenda wapi wote hawa?"

"Juu."

"Wote?"

Akanishangaa. "Si sharti la Bi Mkubwa? Ulikuwepo."

Niliingia ukumbini, nikakaa kwenye mkeka kama wanaume wengine, karibu na mchinja nyama wa sokoni tuliyefahamiana. Wasomaji wakaanza. Sauti nzuri, inapanda na kushuka. Watu wamefumba macho. Mimi nilikuwa natazama boriti ya tatu. Chini ya chokaa yangu ya jana palikuwa pamejichora mstari mwembamba kama unywele. Kila walipojisogeza huko juu, vumbi kidogo lilidondoka, likatua kwenye bega la msomaji, yeye anasoma tu.

Nikajifariji. Wamekaa. Wakikaa hivyo hivyo mpaka mwisho, wakashuka mmoja mmoja, inaweza kubeba.

"Ni refu?" nikamnong'oneza mchinja nyama.

"Subiri kiamu. Hapo ndipo penyewe."

"Kiamu nini?"

"Hujui? Pakifika pa kuzaliwa Mtume, sote tunasimama. Na wao huko juu wanasimama. Kwa pamoja, na vigelegele."

"Hata vikongwe?"

"Wanainuliwa." Akanicheka pembeni. "Vipi fundi, una haraka ya pilau?"

Uzito uliokaa ni mmoja, na uzito unaoinuka kwa mpigo mmoja ni mwingine kabisa. Hilo sikulisoma popote. Niliona Ruaha Mbuyuni daraja la muda la magogo limebeba lori zima tangu asubuhi bila kulia. Dereva alipotia gia tu, gogo la kati likaenda.

Nikainuka nikatoka. Kwenye ngazi alikuwa amekaa mama mnene, yule wa kwanza, amejaza njia.

"Unakwenda wapi, baba? Huku kwa wanawake."

"Niitie mke wangu. Mke wa fundi. Mwambie kuna dharura."

Akapaza sauti juu bila kuinuka. Nikasikia minong'ono, kicheko, kisha jibu likateremshwa kutoka mdomo hadi mdomo mpaka kwake.

"Anasema dharura ingoje maulidi yaishe. Amekaa karibu na Bi Mkubwa, hawezi kuinuka ovyo."

Nilisimama pale. Na hapa lazima niandike jambo ambalo mke wangu mwenyewe sikumwambia mpaka miaka ilipopita. Nilikuwa nataka kumtoa yeye peke yake. Kama angeshuka, sijui. Kweli sijui. Labda ningemshika mkono tukaenda zetu mpaka kona ya soko, nikasimama huko nasikiliza. Hakushuka. Kutoshuka kwake ndiko kulikonirudisha ukumbini.

Niliporudi, sauti ya wasomaji ilikuwa imebadilika, imepanda, inakwenda haraka zaidi. Watu walikuwa wamefumbua macho, wanakunja miguu, wanaweka mikono chini, kama watu wanaojiandaa kuinuka. Mchinja nyama alikuwa ameshika goti. Mgeni rasmi alikuwa anavuta kanzu yake isikanyagwe. Nikaona jina langu, ile saini yenye mikia mitatu, na nikaona watu hamsini wakiwaangukia watu hamsini vichwani.

"Msisimame!"

Nilisema kwa sauti ya Ruaha Mbuyuni, ile ya kuwaonya watu wa baruti. Msomaji akakatika katikati ya neno.

"Msisimame, jamani. Huko juu mtu asisimame. Boriti zangu zimechomoka ukutani. Niliona jana. Nikapaka chokaa."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Amelewa." Mwingine, "Mtoeni huyu." Mkono ukanishika bega. Mgeni rasmi alikuwa ananitazama kama kitu kilichoingia na viatu. Ndipo sauti ikashuka ngaziani, kavu, haina haraka.

"Nani huyo?"

"Mimi, Bi Mkubwa. Fundi."

"Unasema kweli?"

"Kweli."

"Basi acha kulia. Sema wanangu wafanye nini."

Sikuwa najua kwamba nalia. Nikasema: waliokaa katikati wajivute pembeni, kwa kukaa hivyo hivyo, matako chini, mpaka ukutani. Wa karibu na mlango waanze, mmoja mmoja, wakanyage kando kando. Asiruke mtu, asikimbie mtu. Wanaume watoke ukumbini kimya kimya. Mimi nikabaki. Nilivuta makasha mawili ya tajiri, nikayapandanisha chini ya boriti ya tatu, nikapanda, nikaweka bega. Bega la mtu halizuii kitu, nilijua. Lakini nisingeweza kusimama nje.

Nilizisikia nyayo zao, kila moja. Chokaa ikaniingia machoni. Nilisikia mtoto anaanza kulia na mama yake anamziba kwa titi. Nilisikia mama mnene wa pili anasema, "Mimi nitatangulia au nitabaki? Semeni wenyewe," na wanawake wakacheka, wakacheka kweli, hapo hapo juu ya kifo. Mke wangu alipita mlango wa ukumbi ameshika viatu mkononi. Alinitazama niko juu ya makasha, akaenda na wenzake. Wa mwisho alikuwa Bi Mkubwa. Hakuharakisha hata hatua moja. Alishuka kama anashuka kwenda kupokea mgeni.

Sakafu haikuanguka.

Kiamu walisimamia uani na mtaani, wanaume huku, wanawake kule, na vigelegele vikapigwa chini ya mawingu. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Makumbusho hayakufunguliwa siku ile. Na kwa kuwa sakafu haikuanguka, jioni ile ile sokoni ilikuwa hadithi nyingine: fundi wa Igowole alikunywa, akawavunjia Waislamu maulidi. Mchinja nyama alinihurumia. "Ingeanguka hata kidogo tu," alisema, "ungesalimika."

Jumatatu Bi Mkubwa aliniita uani.

"Nataka kujua," akasema, "kama ulinivunjia shughuli kwa haki au kwa woga. Pandisha mahindi juu. Gunia moja kwa wanawake wawili. Yule jirani yangu mnene, aliyewachekesha, mpe gunia lake peke yake."

Afisa utamaduni alikataa, akasema hakuna fomu ya jambo kama hilo. Bi Mkubwa akamwambia nyumba bado hajaitilia saini. Nikaleta lori, seremala amekwisha rudi kutoka Njombe. Kwanza tukasimamisha nguzo chini, tukabakiza nafasi ya shibiri moja kati ya nguzo na boriti, ili sakafu ikishuka isishuke mbali. Halafu tukapandisha magunia, tunayasukuma kutoka mlangoni kwa mti mrefu, hakuna mtu aliyekanyaga katikati. Bi Mkubwa alikaa uani na ungo wake. Watu walijaa uchochoroni. Kumi. Kumi na tano. Hakuna kitu. Nikaanza kusikia watu wanaguna. Kumi na nane, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa naomba ianguke.

Gunia la ishirini na moja lilipoingia, boriti ya tatu, ambayo tangu Jumamosi ilikuwa imezidi kuchomoka, iliachia ukuta. Ilipiga nguzo kwa mlio mmoja, ya nne ikaifuata, vumbi likatoka mlangoni kama moshi wa jiko. Seremala akavua kofia.

"Ya ngapi?" akauliza Bi Mkubwa kutoka uani.

"Ya ishirini na moja."

Akapepeta ungo kidogo. "Wanawake arobaini na mmoja. Juu kulikuwa na hamsini na wawili, na walikuwa hawajasimama." Kisha akaniita karibu, watu wasisikie. "Sasa niambie. Boriti za baba yangu ziko wapi?"

"Mbeya, Bi Mkubwa. Zimebeba baraza langu."

"Zinalibeba vizuri?"

"Vizuri sana."

"Najua," akasema.

Hakunishitaki. Hakumwambia afisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia afisa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema na nikaona nimalizie. Nilikwenda Mbeya nikabomoa baraza kwa mikono yangu, mke wangu amekaa ndani dirishani ananitazama, jirani wanauliza nimepata hasara gani. Nikazirudisha boriti sita Iringa kwa lori langu. Tatu zilizobaki nikanunua mninga uliokuwa umelala kwa seremala mmoja wa Mbeya miaka mitatu, mkavu kama mfupa. Nikabomoa lipu ya nje niliyoionea huruma, nikachimbia zote tisa mpaka kiwiko. Seremala akapima kila tundu kwa mkono wake mwenyewe, sikumzuia.

Maulidi yakasomwa upya mwezi wa kumi na moja, kwa gharama yangu. Nilisimama chini ya boriti ya tatu. Mke wangu alikuwa juu, safari hii alipanda bila kuniangalia. Kilipofika kiamu wanawake waliinuka wote kwa mpigo, sakafu ikasema du! mara moja, ikatulia. Halikudondoka hata vumbi la kujaza kijiko. Nimepasua miamba, nimeona madaraja yakienda na maji, lakini pale nilimshika mchinja nyama mkono kama mtoto, sikumwachia mpaka wakakaa.

Baadaye nilimpelekea Bi Mkubwa karatasi ya gharama zote, si ili anilipe, ila aone: mninga, saruji ya kupitia mlango wa nyuma, dizeli ya Mbeya kwenda na kurudi, mahindi yaliyomwagika, pilau ya shughuli ya pili. Alisomewa yote. Akasema pamesahaulika kitu kimoja: ubani uliofuka bure ile siku ya kwanza, na ule alinunua yeye kwa pesa yake, senti hamsini. Nikatoa sarafu, akaifunga kwenye pindo la kanga. Seremala akaiongeza chini ya karatasi, akajumlisha, mimi nikatia saini, mikia yote mitatu: shilingi elfu tatu mia nane na kumi na saba, na senti hamsini.